Watafiti Wapige Hodi Kwanza

Leo hatuandiki kuhusu karatasi za ukimbizi wala ada za shule. Tunaandika kuhusu orodha ya namba za simu tuliyoitoa kwa mikono yetu wenyewe, na kuhusu aina ya programu ya kompyuta ambayo kama ingekuwepo hapa kwetu, orodha ile isingetoka.

Wengi wetu mnatujua, tunashinda Owino. Kwenye ramani soko linaitwa St. Balikuddembe, ila hakuna kondakta wa taksi anayeliita hivyo. Kuna wanaofungua marobota ya mivumba, kuna wanaopunguza suruali kwa cherehani, dada zetu wanatembeza vitenge, na wenye mgongo wanabeba mizigo. Usiku tumetawanyika Katwe, Nsambya, Kisenyi, Makindye, lakini mchana ukitaka kijana mkimbizi njoo Owino utampata. Watafiti wanalijua hilo.

Mwaka juzi alikuja kijana mmoja mpole na tableti yake. Alikuwa anasoma chuo, hatutakitaja, na alitafuta vijana wakimbizi wa miaka 18 hadi 24 kwa utafiti wa afya. Alitununulia soda. Alikaa nasi juu ya marobota karibu saa nzima, akatusikiliza kama ndugu. Mwisho akaomba tumsaidie kupata watu. Na sisi, kwa ile furaha ya kuonekana watu wa maana, tukampa orodha nzima ya kundi letu: majina, namba, umri, na mtaa anaokaa kila mmoja. Watu 63. Hatukumuuliza hata mmoja.

Yeye alipiga simu zake, akauliza maswali yake, akaondoka. Hatusemi alikuwa mtu mbaya. Lakini baada ya miezi kama mitatu namba zetu zikaanza kupigiwa na watu wengine kabisa, wa utafiti mwingine, wanaotuita kwa majina na kujua tunakaa wapi. Siku moja ikapigwa namba ya dada yetu mmoja. Simu haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya nyumba nzima. Mjomba wake akapokea. Sauti ikauliza: hii ni simu ya fulani, yule wa utafiti wa virusi vya Ukimwi?

Utafiti wenyewe ulikuwa wa kujibu maswali tu. Hakuna aliyesema ana ugonjwa. Lakini nenda ukamweleze hivyo mzee aliyekwisha kusikia. Usiku ule dada alilala kwa jirani, na kwa mjomba hakurudi tena. Sasa anakaa upande mwingine wa mji, kwenye mikutano yetu haji. Tulimwomba ruhusa ya kuandika haya, akakubali kwa sharti kwamba tusimtaje. Safari hii tumeuliza.

Sasa hiyo programu. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kule Nashville, Marekani, kimetengeneza mbili tunazotaka mzijue. Ya kwanza ni REDCap, ilianza 2004. Hiyo ni ya mtafiti: anatungia maswali humo, anaingiza majibu yetu, anayahifadhi. Imeenea dunia nzima, na watafiti wa Makerere hapa Kampala wanaitumia. Ya pili inaitwa ResearchMatch, ilianza 2009 kwa fedha za taasisi ya taifa ya afya ya Marekani. Hiyo ni ya mtu anayejitolea. Unajiandikisha mwenyewe, unaeleza umri wako, ugonjwa ulio nao au huna, dawa unazokunywa. Mtafiti ambaye utafiti wake umepitishwa na kamati ya maadili anaingia na kutafuta watu wa aina anayowahitaji. Jina lako halioni, wala namba. Anaona tu kwamba kuna watu kadhaa wanaofaa. Anaandika ujumbe, programu yenyewe ndiyo inakuletea. Ukijibu ndiyo, hapo tu anapata jina na namba. Ukijibu hapana, au ukikaa kimya, hajui ulikuwa nani.

Soma hapo tena, halafu rudi kwa mjomba na ile simu.

ResearchMatch ni ya wanaoishi Marekani. Uingereza nao wana ya kwao kwa tafiti za ugonjwa wa kusahau, inaitwa Join Dementia Research. Hapa kwetu ipo ile ya kwanza, ya kukusanya. Chuo ni kilekile, mikono ni ileile, lakini programu ya kuchukua majibu imevuka bahari na ya kupiga hodi imebaki Nashville. Hata KoBoToolbox, ambayo ninyi wa mashirika mnatumia kutuuliza tumekula mara ngapi wiki hii, jina lake ni la Kiacholi, kobo, maana yake kuhamisha. Jina limetoka Uganda hapahapa. Kazi yake ni kutoa taarifa kwetu na kuzipeleka kwenu, na kusema kweli inaifanya vizuri.

Mtatuambia iko rejista. Ni kweli, Afrika ina rejista ya majaribio ya tiba, PACTR, iko Cape Town, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua. Tulijaribu jioni moja, watu wanne kwenye simu moja. Imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Inaonyesha utafiti gani umesajiliwa, jambo jema sana kwa kuwabana watafiti wasifiche. Kwa kijana anayeuza soksi, haina mlango wa kuingilia.

Wapo kati yetu wanaosema basi, tuachane nao wote. Kwa nini kutoa damu, kwa nini kujibu maswali, watu wanapata digrii zao sisi tunabaki na soda. Mkutano wa mwezi uliopita karibu uvunjike kwa hoja hiyo. Tunaiheshimu, lakini hatukubaliani nayo, na sababu zetu si za vitabuni.

Wengi wetu ni wa Kivu ya Kaskazini. Ebola ilipoikaba Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, wagonjwa 681 waliingia kwenye utafiti wa kulinganisha dawa nne. Mbili zilionekana zinaokoa watu zaidi, utafiti ukasimamishwa mapema ili wagonjwa wapewe hizo mbili tu. Moja kati yake, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, na profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa katika kazi hiyo tangu mwanzo. Kabla ya hapo Ebola haikuwa na dawa iliyothibitishwa. Ni watu wa kwetu waliolala vitandani kule ndio walioleta jibu. Wao hawakuitwa na programu yoyote, waliumwa tu wakaombwa. Lakini mtu akituambia utafiti ni kazi ya wazungu kunywa damu yetu, tunafikiria Butembo na tunanyamaza kwanza.

Sababu ya pili ni mama mmoja anayeuza vitenge upande wa Nakivubo. Mtoto wake ana ugonjwa wa seli mundu, wengi wetu tunauita tu SS. Alipofika Kampala mtoto alikuwa na miaka mitatu, anapiga kelele usiku kwa maumivu ya mifupa. Miaka ileile, pale Mulago, ambako ukitoka Owino kwa bodaboda hufiki dakika ishirini kama hakuna foleni, kulikuwa na utafiti wa dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wadogo wa SS. Watoto wapatao 200. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na dawa, ili ijulikane kama dawa hiyo inaongeza malaria, kwa sababu huo ndio ulikuwa wasiwasi wa madaktari wa Afrika. Matokeo yalichapishwa 2017: haikuongeza malaria, na watoto walioinywa walipata nafuu. Utafiti mwingine mkubwa zaidi, uliofanyika Kinshasa, Mbale, Kilifi na Luanda, ukatoa matokeo Desemba 2018: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia.

Mama huyu alikuja kusikia habari za dawa hiyo miaka mingi baadaye, kwa nesi aliyekuwa anajua Kiswahili. Akatuuliza: "Kumbe walikuwa wanatafuta watoto kama wangu?" Tulikosa la kumjibu. Hatuwezi kusema mwanawe angechukuliwa, wala kwamba angeangukia upande wa dawa. Tunachosema ni kwamba hakuna aliyempigia hodi. Sisi vijana tunapigiwa simu mpaka tunachoka kwa sababu tunapatikana kirahisi, na yeye aliyekuwa na haja hajaitwa hata siku moja.

Hapa tunawageukia wa mashirika, mtuvumilie kidogo. Kila tukilileta jambo hili kwenu jibu ni moja: ninyi ni kundi dhaifu, kazi yetu ni kuwalinda na watafiti. Tunajua nia ni njema. Lakini hata wenye sheria zao wamebadilisha maneno. Mwongozo wa kimataifa wa CIOMS wa 2016 unakataa kubandika neno "dhaifu" juu ya kundi zima, unataka mtu aangaliwe kwa hali yake. Na Azimio la Helsinki, lile la madaktari wa dunia lililoanza 1964, lilipopitiwa upya Oktoba 2024 lilisema madhara ya kumwacha mtu nje ya utafiti yapimwe pamoja na madhara ya kumwingiza. Mtoto wa SS ni mfano wa hayo madhara ya kuachwa nje. Halafu, samahani, sisi hatuoni huo ulinzi. Tunaona mlango wa mbele umefungwa na mlango wa nyuma uko wazi, na pale mlango wa nyuma amekaa dalali.

Dalali mnamjua. Owino ina dalali wa viatu, dalali wa vyumba, na siku hizi ina dalali wa watu wa utafiti. Anajua nani anatafuta vijana wa umri gani, anakupeleka, na nauli unayorudishiwa anakata yake. Tumeona mwenzetu akidanganya umri. Tumeona mwingine akiingia tafiti mbili kwa wakati mmoja bila kuziambia, kwa sababu nauli mbili ni chakula cha siku mbili. Kama tafiti zote mbili ni za maswali, sawa, wameharibu takwimu tu. Kama ni za dawa, huyo kijana anacheza na ini lake. Na kuna uongo mwingine wa madalali tunaotaka kuukata hapa mbele ya wote: ati ukishiriki utafiti faili lako la kwenda Canada linasogea. Halisogei. Utafiti hauna uhusiano wowote na faili lako, na anayekuambia hivyo anataka nauli yako.

Kwa hiyo tunataka nini? Tunataka orodha ambayo mtu anaingia mwenyewe na kutoka mwenyewe, na mtafiti anabaki nje mpaka aitikiwe. Hilo ndilo kubwa. Mengine tumejifunza kwa yule dada, na hatudhani mtu wa Nashville angeyawaza.

Ujumbe usiseme kitu. Simu nyingi za hapa ni za watu watatu, wanne. Ujumbe ukifika useme tu una ujumbe, fungua kwa namba yako ya siri. Neno ugonjwa lisionekane kwenye kioo, neno utafiti pia lisionekane. Na ufanye kazi kwenye katochi, kwa kubonyeza nyota na reli kama tunavyotumiana pesa kwa simu, maana bando la leo likiisha saa sita mchana limeisha. Lugha iwe Kiswahili, na Kisomali, na Kinyarwanda, na iwepo sauti ya kusikiliza kwa asiyesoma. Fomu za kukubali tulizopewa sisi zilikuwa za Kiingereza na Kiganda. Mwenzetu mmoja alitia saini kurasa tano akidhani ni za kupokea magodoro. Tulicheka sana siku ile. Sasa hatucheki.

Namba ya ukimbizi isiulizwe kabisa. Programu ikiwa na namba hiyo, hofu inaingia palepale, hata kama hakuna atakayeitumia vibaya, na mwenye hofu hasemi hapana. Kwa sababu hiyohiyo orodha isikae kwenye shirika linalogawa misaada. Tunawapenda, lakini mtu aliyekulipia kodi ya nyumba mwezi uliopita akikuuliza kama ungependa kujitolea, jibu lako linajulikana kabla hujafungua mdomo. Sisi tungependelea chuo chenye kamati ya maadili inayotambuliwa na Baraza la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na humo wakae vijana wakimbizi wawili watatu wenye uwezo wa kuukataa utafiti wenyewe, si kuja kupigwa picha. Wapo kati yetu wasioamini chuo chochote tena. Hilo bado tunabishana.

Sheria tayari ipo. Uganda ilipitisha sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na inamhusu yeyote anayekusanya taarifa za mtu ndani ya nchi hii. Haisemi lazima uwe Mganda. Inataka uombwe ridhaa, na habari za afya yako inazipa uzito wa pekee. Kwa sheria hiyo, sisi tuliotoa majina 63 tulikosea kabla ya yule mwanafunzi kukosea. Si raha kuliandika.

Na matokeo yarudi. Yule kijana wa tableti hatujamsikia tena. Pengine alipata alama nzuri. Mwenye robota anapolipia hajui ndani kuna nini, analifungua baada ya pesa kutoka, lakini angalau analifungua. Sisi tulilipia kwa majina yetu na hatukuona hata kilichokuwa ndani. Programu inayoweza kunitafuta siku ya kunihitaji inaweza pia kunitumia mistari mitatu siku matokeo yanapotoka. Haigharimu kitu kikubwa.

Tunajua swali la pesa. Programu inahitaji mtu wa kuitunza, na miradi mingi ya simu tuliyoiona hapa ilikufa siku mfadhili alipoondoka, ikabaki fulana. Lakini kazi ya kukusanya watu haraka si ngeni Kampala. Tarehe 30 Januari 2025 ilitangazwa Ebola ya aina ya Sudan hapa mjini, na tarehe 3 Februari utafiti wa chanjo ulikuwa umeanza Mulago. Siku nne. Waliupa jina la Kiswahili, Tokomeza. Wenzetu wa sokoni walilipenda jina hilo, wakawa wanaitana nalo. Kwa hiyo watu wa kuweza wapo, na Kiswahili wanakijua wakitaka.

Wakati tunasubiri, tumenunua daftari. Tunawapigia mmoja mmoja wale 63, tunawaeleza tulichofanya, tunawaomba radhi, na kuwauliza kama jina libaki kwenye orodha ya kundi au lifutwe. Mpaka Jumapili tumewapata 41. Kumi na tisa wamesema futa, na wawili kati yao walitukana kwanza, wana haki. Wengine wamesema libaki lakini tusimpe mtu bila kuwauliza. Mama wa vitenge hakuwa kwenye orodha, amekuja mwenyewe kutaka kuandikwa, pamoja na mtoto wake ambaye sasa ni kijana mkubwa. Tulimuuliza mtoto kama naye anataka. Akasema atafikiria, atatujibu.

Wamebaki 22. Kama ulitupa namba yako kabla ya mwaka juzi na hatujakupigia, pengine umebadilisha laini. Njoo Jumamosi baada ya saa nane, palepale kwenye mafundi cherehani. Wa mashirika nanyi mnakaribishwa, ila tableti ziacheni ofisini.